Stoo Yenye Madirisha Mawili

Kangemi, Nairobi
Jumapili, 12 Januari 2025
Asubuhi ukungu na baridi. Jua limetoka baada ya ibada.

Kwako Baba,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi ni mzima, na kile kikohozi cha Novemba kimekwisha. Mwenye nyumba wetu amepaka ngazi za ploti rangi ya kijani bila kumwambia mtu, kwa hiyo nusu ya Kangemi inatembea na makalio ya kijani. Natumaini wewe, kaka, mkewe Emmah na watoto hamjambo, na kwamba ng'ombe amezaa salama. Nisamehe kwa kutofika Krismasi. Kazi ilikuwa nyingi kwenye yadi ya mbao.

Emmah alinipigia simu akasema una swali kuhusu ile miti ya saipresi aliyoipanda marehemu Mama kule bondeni. Alipokupa simu tuongee, nikakusikia ukisema, "Huyu mtu mbona ananipigia mluzi?" Nikaona heri niandike, kama tulivyozoea tangu msumeno wa kiwandani ulipoyachukua masikio yako. Bahasha nitampa dereva wa basi kama kawaida.

Umeuliza ufanye nini miti hiyo itoe mbao zisizo na fundo. Ni kupogoa, Baba. Wewe umepasua magogo maisha yako yote, lakini yalikufikia yakiwa yameshakatwa, kwa hiyo nitaeleza kuanzia shambani. Saipresi haiangushi matawi yake yenyewe. Tawi la chini likikosa jua hukauka na kubaki pale pale, na shina likizidi kunenepa hulimeza. Ukija kupasua ndipo unakutana na jicho, yaani fundo. Tawi lililomezwa likiwa bichi huacha fundo lililoshikana na mbao, na hilo halina ubaya mkubwa. Lililomezwa likiwa limekufa huacha fundo lililolegea, na siku moja hudondoka na kuacha tundu.

Wiki iliyopita mteja wetu wa Kileleshwa, Mama Chandrika, alikuja kutafuta mbao za kabati. Alipitisha vidole juu ya kila mbao kama mtu anayetafuta chawa.

"Hii iko na macho mingi," akamwambia fundi wetu Nzuki. "Hii jicho itatoka."

"Ikitoka, mama, utakuwa umepata dirisha ya bure."

"Kwa kabati ya nguo? Nani atakuwa ananiangalia, wewe?"

Alichukua mbao nne tu kati ya rundo zima, na zote zilitoka kwa miti iliyopogolewa ikiwa midogo.

Jambo moja ulikumbuke. Mbao safi haiji siku ile unayopogoa. Mafundo yaliyomo tayari yamo. Mti huanza kuweka mbao safi nje yake, kidogo kidogo, kila mwaka mti unaponenepa. Miti yetu imechelewa. Ipe miaka sita au saba.

Wasalimie wote. Mwambie Emmah sukari niliyotuma iko kwa dereva huyo huyo.

Binti yako,
Lornah


Kijijini Hamisi
Alhamisi, 13 Februari 2025
Jua kali tangu asubuhi. (Naandika hali ya hewa kwa sababu wewe huandika. Sijui inamsaidia nani.)

Mama Kageha,

Mirembe. Amani iwe kwako. Nakuita kwa jina la mama yangu uliyerithi jina lake, maana tangu afariki sina mwingine wa kumwita hivyo. Ng'ombe alizaa dume. Watoto wa kaka yako wamerudi shule, na kelele ambazo Emmah anasema zilikuwepo sasa anasema hazipo. Kwangu mimi ni sawa tu. Nyumba ya nyanya yako ililala chini mvua zilipozidi, nimetoa mabati na misumari iliyofaa. Sukari imefika.

Kwa hiyo siku hizi yadi za Kangemi hazifungwi Krismasi? Enzi zetu kiwandani hata msumeno ulipewa siku tatu. Sikuulizi. Nataja tu.

Miaka sita ni mingi. Niliposoma maneno yako nikafikiri, kama kupogoa kunaleta mbao safi, basi kupogoa sana kutaileta upesi. Nikachukua panga na ngazi. Nilipofika nusu ya mti wa kwanza nikaona kazi inapendeza, nikaendelea juu. Sasa miti yote ya upande wa juu ina kishungi tu kileleni, kama mkia wa ng'ombe. Watu wanasimama njiani kuitazama. Emmah amefurahi, kuni zimejaa jikoni mpaka kuku wamekosa pa kulala.

Sasa niambie, hapo miaka imepungua kiasi gani?

Mbao ni za stoo. Nataka kujenga stoo.

Baba yako,
Zedekiah


Kangemi
Jumapili, 16 Machi 2025
Mawingu asubuhi, matone machache, kisha hayakuja tena.

Kwako Baba,

Salamu nyingi. Nashukuru kusikia ng'ombe amezaa. Hapa sote wazima, isipokuwa Nzuki aliyejipiga nyundo kidoleni na sasa anamwonyesha kila mteja apunguziwe bei ya huruma, ingawa anayeuza ni yeye.

Niliposoma "mkia wa ng'ombe" nilikaa chini. Baba, majani ndiyo jiko la mti. Ukiyaondoa yote ukabakiza kishungi, mti unakaa na njaa, na shina la mti wenye njaa halinenepi. Na hiyo mbao safi unayoingojea iko kwenye ule unene. Ulitaka kuharakisha na umechelewesha. Sheria ni kuacha angalau nusu ya mti ikiwa na majani yake, na kurudi tena baada ya miaka miwili au mitatu.

Halafu panga. Panga huacha kijiti, au huchana gome mpaka chini. Kijiti hufa, shina hukimeza, na hapo umejitengenezea lile lile jicho bovu unalolikimbia. Tumia msumeno. Kata karibu na shina, lakini usiuguse ule uvimbe mdogo ambapo tawi limetokea, maana hapo ndipo kidonda kinafungia. Na usipande ngazi peke yako. Mtu akikuita kwamba imeteleza hutamsikia.

Sasa nikuulize na mimi. Juzi alikuja mzee wa Dagoretti yadini, amevaa koti zuri, akaomba kuona mbao za jeneza. Nzuki akamuuliza marehemu alikuwa na urefu gani.

"Ni huyu unamwona," akasema mzee.

"Mzee, umekuja kujipimia mwenyewe?"

"Nani mwingine anajua vile napenda kujinyoosha?"

Wote walicheka, na yeye akacheka kuliko wote. Mimi nilienda nyuma ya rundo la saipresi nikajifanya nahesabu.

Baba, stoo haihitaji mbao isiyo na fundo. Mahindi hayana macho ya kuchagua. Na kwa nini miaka sita ni mingi? Niambie ukweli. Unaumwa? Mbao ni za nini?

Lornah


Hamisi
Jumanne, 20 Mei 2025
Mvua tangu alfajiri.

Mama Kageha,

Mirembe. Mwandiko ni wa Emmah, maneno ni yangu. Mkono wangu umepumzika kidogo. Barua yako ilifika zamani, usimlaumu dereva.

Siumwi. Na siku yangu ikifika, nizikwe ndani ya mbao yoyote mtakayopata, hata yenye macho, nitapata mtu wa kutazamana naye. Ondoa hofu hiyo.

Nimeacha kupogoa. Umenieleza vizuri, na nimeona aibu kidogo mbele ya miti. Imesimama pale imenyauka kama watoto walionyolewa siku moja. Nitaiacha ile. Panga nimelirudisha kwenye ndizi.

Nilisema stoo, na ni stoo.

Wote hapa wanakusalimu. Mahindi yamefika magotini.

Baba yako,
Zedekiah

[Nyuma ya karatasi]

Wifi Lornah, mimi ni Emmah. Baba amelala, naandika upande huu yeye hajui. Mkono haupumziki, umevunjika kwenye kifundo. Alianguka Machi, wiki ile barua yako ilikuwa njiani. Nilimwona akisogea pembeni ya ngazi nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka, yeye akaendelea kukata. Sasa ana plasta na daktari amesema mifupa inashika vizuri. Alinikataza kukupigia simu, akasema utaacha kazi uje, halafu utalala wapi. Alisema hivyo hivyo.

Nakuambia na hili. Msingi wa hiyo stoo umeshachimbwa, pale juu kidogo ya miti. Ina chumba cha mbele na chumba cha ndani. Ina madirisha mawili, na moja linaelekea asubuhi. Nilimuuliza, Baba, mahindi yanataka kuona jua likichomoza? Akajifanya hakusikia, na ukweli hakusikia, lakini alijua nimesema nini.


Kangemi
Jumapili, 8 Juni 2025
Baridi sana asubuhi. Nimewasha jiko la makaa mlangoni kabla ya chai.

Kwako Baba,

Salamu. Pole kwa mkono. Usimkasirikie Emmah, angenificha ningemkasirikia mimi. Nimekutumia dawa ya kuchua, utumie plasta ikishatolewa, si kabla.

Nimesoma upande wa pili wa barua mara nyingi. Nitaandika sasa jambo ambalo sijawahi kuandika, maana inaonekana unalijua.

Yadi ilifungwa Krismasi. Nilikaa chumbani kwangu siku zote tatu. Nilipika wali, nikasikiliza ibada kwenye redio ya jirani.

Nyanya alipokuwa hai nilikuwa na mahali. Nilifika, nikaweka begi kwake, na hakuna aliyefikiria mara mbili. Binti mzima halali katika nyumba ya baba yake, hilo tunalijua sote, na tangu Mama afariki ndiyo kabisa. Kwa Emmah kuna vyumba viwili na watoto wanne. Baada ya kumzika Nyanya na nyumba yake kufungwa nilikuja mara mbili, unakumbuka, nikakuambia nalala kwa rafiki yangu wa shule. Nililala loji pale sokoni Chavakali. Yule kijana wa mapokezi aliniuliza natoka wapi.

"Hapa," nikasema.

"Hapa wapi, mama?"

"Hapo juu. Kwetu."

Akaacha kuandika. "Kwenu ni hapo juu na unalala loji?"

Hakuwa na nia mbaya. Lakini nililipanda basi la asubuhi nikiwa nimeamua kwamba salamu zinaweza kwenda kwa barua.

Sikuolewa, Baba, na sikuzaa, na sijutii sana. Nina kazi ninayoijua. Ila nikifika nyumbani mimi ni mgeni anayejua kila kitu kilipo.

Hata hivyo usijenge. Wazee wa ukoo watakusumbua, na umri wako si wa kusumbuliwa. Hakuna binti aliyewahi kujengewa katika boma letu. Na miti ya Mama usiikate ikiwa bado changa kwa ajili yangu. Mbao yake haijawa tayari. Mimi nimezoea.

Lornah


Hamisi
Jumatatu, 1 Septemba 2025
Ukungu bondeni mpaka saa tatu, sasa joto.

Mama Kageha,

Mirembe. Huu ni mkono wangu mwenyewe, unatetemeka kidogo, usome polepole. Plasta imetoka. Dawa inanuka vibaya kwa hiyo nadhani ni nzuri.

Umesema umezoea. Kitu gani? Mtu hazoei kitu kama hicho, anakinyamazia tu.

Habari za loji nilizijua. Mwenye loji ni mtu wa kanisa letu. Aliniambia baada ya ibada, kwa sauti ya kumfikia kiziwi, na watu wote wa kanisa wakasikia. Nilirudi nyumbani nikakaa bondeni kwenye miti mpaka Emmah akaja kunitafuta. Ningekuandikia kwamba nakujengea nyumba ungenikataza, kama ulivyonikataza sasa. Ndiyo maana nikasema stoo.

Wazee walikuja. Watatu, na fimbo zao. Mkubwa wao aliniandikia kila neno mchangani kwa fimbo ili nisijifanye sijasikia, kisha bado akalipaza.

"Zedekiah, mwanamke hajengewi kwao."

"Ni stoo," nikasema.

"Stoo ya nini?"

"Ya binti yangu."

Wakatazamana. Akasema, "Na akifa, utamzika wapi?"

Nikamwambia, "Wewe una haraka kuliko mimi. Kwanza alale." Yule mdogo wao alicheka, akajifanya anakohoa. Wakanywa chai. Hawakukubali na hawakukataa. Walipoondoka mkubwa wao aligonga ukuta kwa fimbo kuona kama udongo umeshika, akasema upande wa magharibi unahitaji kupigwa tena. Nimeupiga tena.

Sasa habari ya miti. Ile mikia ya ng'ombe sikuigusa. Lakini unaikumbuka safu ya chini kabisa, kando ya kisima? Miti ile ilikuwa imesongana, ilibidi tupunguze. Kaka yako aliushika msumeno, mimi nilishika kofia yangu. Tukauangusha mmoja, tukaupasua. Nilitegemea macho tupu. Katikati palikuwa na mafundo madogo, unene wa mkono hivi, na nje yake mbao safi, Mama Kageha, safi kama uso wa mtoto aliyeoga. Nikafikiri ni bahati. Tukaangusha wa pili. Vile vile.

Nikamuuliza Emmah nani alipogoa safu hii. Akacheka. Ni mama yako. Alikuwa akipita pale na mtungi kila siku, na matawi yalikuwa yakimchana leso. Miti ikiwa mifupi kama wewe ulivyokuwa kidato cha kwanza, alichukua msumeno wangu mdogo, ule niliomkataza kuugusa, akayaondoa ya chini yote, akarudi tena baada ya miaka miwili. Hakuacha vijiti kwa sababu vijiti ndivyo vilivyomchana. Nilimkemea kwa ajili ya msumeno wangu. Nakumbuka sasa. Sikuwahi kuuliza alikata nini.

Umesema mbao haijawa tayari. Ya safu ile imekuwa tayari.

Mlango wote umetoka kwenye safu yake, na kitanda. Paa nimetumia ile yenye mafundo, nikachagua yaliyoshikana kama ulivyoniandikia. Kuna fundo moja kwenye ubao wa chini wa mlango, nimeligeuza liwe upande wa ndani. Yule Nzuki wako angelichekelea.

Njoo uone kama nimekosea.

Baba yako


Hamisi
Jumapili, 23 Novemba 2025
Mvua ndogo. Imekatika.

Mama Kageha,

Sijapata barua yako tangu nilipokuandikia Septemba. Dereva anasema hujampa kitu. Emmah anasema ukipigiwa simu unazungumza habari za watoto tu.

Ukuta umekauka. Nimeongeza rafu moja ya vitabu, kwa maana vile vitabu vyako vya kuandika siku viko vingi, na Kangemi najua panya wapo. Emmah amesiriba sakafu. Wazee hawajarudi, ila yule mdogo alipita akaniuliza bei ya mlango kama ule, binti yake ameachika.

Kufuli ina funguo mbili. Mmoja nimeutundika kwangu, kwa ajili ya moto na dharura. Mwingine uko ndani ya bahasha hii.

Sikuambii uje. Nakuambia iko.

Zedekiah


Hamisi, stoo
Alhamisi, 25 Desemba 2025
Umande mzito asubuhi, mbingu haina wingu.

Kwako Baba,

Naandika nikiwa hatua chache kutoka kwako, na Emmah atakuletea karatasi hii pamoja na chai. Jana usiku palikuwa na watu wengi na sikutaka kupaza sauti mbele yao kwa mambo haya.

Nisamehe kwa kunyamaza tangu Septemba. Nilianza barua nne. Kila moja ilikuwa na sababu nzuri za kukataa, nimezipanga kwa mpangilio. Kisha ufunguo ukafika, nikauweka mezani, na ilikuwa vigumu kuandika sababu zile nikiutazama. Nzuki aliuona yadini. Akauliza, "Hii ni ya wapi?" Nikasema ya kwetu. Hakuuliza swali la pili, akanikatia kipande cha ngozi cha kuufungia.

Nimeitembelea miti asubuhi hii kabla hamjaamka. Mikia ya ng'ombe imeanza kutoa majani mapya chini ya vishungi. Haitakufa. Usiiguse kwa miaka miwili, hata Emmah akikosa kuni. Unene itaupata tena, ila polepole. Ya safu ya Mama iliyobaki nimeishika yote, mmoja mmoja. Makovu yamefunga kabisa. Ukipitisha kiganja hujui alikata wapi.

Nilipofika jana ulinitangulia na taa mpaka mlangoni, ukasimama nje kama inavyompasa baba. Hukuvuka kizingiti. Ukanyoosha fimbo ndani kutoka pale uliposimama ukanionyesha: dirisha lile, na lile, na rafu, na kitanda. Ukasema, "Ingia kwako." Nilitaka kukujibu, lakini ulikuwa umeshageuka unaondoka, na hungenisikia.

Kwa hiyo najibu sasa. Asante, Baba.

Asubuhi hii umeniuliza kwa ishara kama nimelala, shavu juu ya kiganja, na mimi nimeitikia kwa kichwa tu. Nataka uwe na jibu kamili. Nilikuwa nimekusudia kukaa macho. Nilidhani nitasikiliza mbao zikitulia, au nitawafikiria wazee, au nitalia. Niliweka begi chini, nikafunga mlango, nikalala chali kuangalia paa. Nilisikia ukifunga kwako, ukikohoa, ukisogeza kiti. Taa yako ilikuwa bado inawaka.

Nililala saa tatu na robo usiku, mpaka alfajiri.

Lornah